Kama mmoja alipoteza na mwingine akapata, hasara ya mwaka 2008 ilitoka wapi?

Mwalimu wa Kamalondo

Ndugu zangu, nawasalimu nyote, mlio hapa Lubumbashi na mlio mbali. Ninafundisha uchumi na hesabu za biashara katika shule moja ya sekondari, na wanafunzi wangu wa mwaka wa sita wameniuliza swali ambalo nimelijibu nusunusu. Nalileta kwenu kama lilivyo.

Tunajua kwamba mgogoro wa fedha wa mwaka 2008 ulianzia kwenye mikopo ya nyumba nchini Marekani. Watu wenye kipato kidogo, au wenye sifa mbaya ya kulipa madeni, walikopeshwa kwa wingi. Bei za nyumba zilipanda hadi mwaka 2006, kisha zikaanza kushuka, na wengi wakashindwa kulipa. Hadi hapo hakuna fumbo. Mkopo wa dola 200,000 ukikwama, benki inaichukua nyumba, inaiuza tuseme kwa dola 120,000, inapoteza 80,000, na habari inaishia hapo. Mikopo yote ya daraja hilo la chini ilikuwa kiasi cha dola trilioni 1.3 mwaka 2007. Ni fedha nyingi, lakini uchumi wa Marekani peke yake ulikuwa mkubwa mara kumi na zaidi. Hasara ya sehemu tu ya mikopo hiyo iliwezaje kuyumbisha benki za Ulaya na kuzima tanuru za shaba za Likasi na Kolwezi?

Nikawaeleza habari ya mikataba ya fidia ya mikopo, ile inayofupishwa CDS, ambayo muuzaji wake anaahidi kumlipa mnunuzi endapo deni fulani halitalipwa, na ambayo mwishoni mwa mwaka 2007 thamani yake ya kwenye karatasi ilikaribia dola trilioni 60. Kijana mmoja akanyosha mkono: «Mwalimu, mkataba huo una pande mbili. Anachopoteza aliyeuza fidia ndicho anachopata aliyeinunua. Fedha haikuteketea, imehama mfuko tu. Sasa hasara ilitoka wapi?»

Ninaomba msaada wenu, na ninaomba tusijibu kwa neno «uroho», kwa maana uroho ulikuwapo pia mwaka 1998 na dunia haikusimama.

Mhasibu wa Kampemba

Mwalimu, kauli ya kijana huyo ni kweli kwa sharti moja ambalo hakulitaja, nalo ni kwamba aliyepoteza anao uwezo wa kulipa, na analipa kwa wakati. Sharti hilo likivunjika, hesabu yake haifungi tena.

Tuanze na mkataba wenyewe. Benki imekopesha, na inahofia kwamba deni halitalipwa. Inamtafuta mtu wa tatu anayekubali kulibeba deni hilo endapo mkopaji atashindwa, na kila mwaka inamlipa ada. Mkopo unabaki kwenye vitabu vya benki, mkopaji hajui lolote, lakini hatari imehamia kwa mwingine. Benki ya Marekani J.P. Morgan ilifanya hivyo mwaka 1994, baada ya kampuni ya mafuta ya Exxon, iliyokuwa ikikabiliwa na kesi ya mafuta yaliyomwagika Alaska mwaka 1989, kuiomba iwe tayari kuikopesha hadi dola bilioni 4.8. Benki haikutaka kumwudhi mteja wa siku nyingi, wala haikutaka kufunga mtaji mkubwa kwa ajili ya mkopo wa faida ndogo, kwa hiyo ikailipa Benki ya Ulaya ya Ujenzi Mpya na Maendeleo ibebe hatari hiyo. Mimi sioni kosa lolote katika mpango ule.

Mambo yaliharibika pale fidia ilipoanza kuuzwa juu ya mafungu ya mikopo ya nyumba. Mabenki ya uwekezaji yalikusanya maelfu ya mikopo na kuigawa katika matabaka: tabaka la juu lilipwe kwanza, la chini lipate hasara kwanza. Matabaka ya chini, ambayo wanunuzi waliyakwepa, yakakusanywa upya na kugawanywa tena, na sehemu kubwa ya fungu hilo jipya ikapewa alama ya juu kabisa, AAA, na mashirika ya kupima ubora wa madeni kama Moody's na Standard & Poor's, kwa hoja kwamba si rahisi bei za nyumba zianguke Florida, Nevada na Ohio kwa wakati mmoja. Zilianguka kwa wakati mmoja.

Kampuni ya bima ya AIG, kupitia kitengo chake cha AIG Financial Products, iliuza fidia juu ya matabaka ya juu ya mafungu hayo kwa ada ndogo mno. Iliamini kwamba haitadaiwa kamwe, kwa hiyo haikutenga akiba ya kutosha wala haikutafuta kinga kwa mwingine. Agosti 2007 mkuu wa kitengo hicho, Joseph Cassano, aliwaambia wawekezaji kwamba ilikuwa vigumu hata kuwazia hali ambayo ingewapotezea dola moja katika biashara ile. Siku chache kabla, mwishoni mwa Julai, benki ya Goldman Sachs, iliyokuwa imenunua fidia hiyo, ilikuwa imekwisha kuidai kampuni hiyohiyo dhamana ya dola bilioni 1.8.

Hapa, Mwalimu, ndipo ningekaa na wanafunzi kwa muda mrefu. AIG haikungoja hadi matabaka yale yashindwe kulipa. Mikataba yake ilisema kwamba bei ya tabaka linalolindwa ikishuka, au alama ya ubora ya AIG yenyewe ikishushwa, basi AIG iweke fedha taslimu mikononi mwa mnunuzi kama dhamana, hata kama tabaka lile bado linalipa riba yake kila mwezi. Bei zikashuka kwa sababu wanunuzi walitoweka sokoni. AIG ikatoa dhamana, fedha zake za mkononi zikapungua, na kwa sababu zimepungua mashirika ya upimaji yakaishusha alama tarehe 15 Septemba 2008, na kwa sababu alama imeshuka dhamana nyingine zikadaiwa papo hapo. Kesho yake Benki Kuu ya Marekani ikaikopesha dola bilioni 85 na serikali ikachukua asilimia 79.9 ya umiliki. Ahadi zote za msaada kwa kampuni hiyo moja zilifika baadaye dola bilioni 182. (Kwa haki, AIG ilikuwa na jeraha jingine: iliazimisha hatifungani zake, yaani hati za madeni zinazouzwa na kununuliwa sokoni, na fedha ilizopokea kwa kuziazimisha ikazitia katika karatasi za mikopo ya nyumba.)

Sasa turudi kwa kijana. Tuseme dola imehama kweli kutoka kwa aliyepoteza hadi kwa aliyepata. Benki ya uwekezaji ya Lehman Brothers mwishoni mwa mwaka 2007 ilikuwa na mali ya kiasi cha dola 30 kwa kila dola 1 ya mtaji, yaani fedha yake yenyewe isiyo ya kukopa. Taasisi ya namna hiyo ikipoteza dola 1 ya mtaji na ikataka kubaki na uwiano uleule, inalazimika kuuza mali ya dola 30 au kuacha kukopesha kiasi hicho. Je, aliyepata ile dola 1 atakopesha dola 30 zaidi? Hapana. Mwaka 2008 aliinunulia hatifungani za serikali akatulia. Faida na hasara zinalingana kwenye karatasi, ilhali mikopo iliyotoweka upande mmoja haikuzaliwa upande wa pili.

Mwanasheria wa Golf

Ninakubaliana na Mhasibu kuhusu dhamana, lakini kuna jambo la sheria linaloeleza kwa nini hasara ilizidi nyumba zilizokuwapo.

Katika bima ya kawaida ni lazima uwe na maslahi katika kile unachokikatia bima. Uingereza iliweka kanuni hiyo katika sheria ya mwaka 1774 juu ya bima za maisha, kwa sababu watu walikuwa wakikata bima juu ya maisha ya wasiowahusu na kungojea vifo vyao. Mkataba wa fidia ya mkopo hauna sharti hilo. Anayeununua si lazima awe amemkopesha mtu yeyote; anaweza kununua fidia juu ya deni la wengine, na watu kumi wanaweza kununua fidia juu ya deni lilelile. Kutokana na mikataba hiyo yakaundwa mafungu mapya yasiyo na mkopo wa nyumba hata mmoja ndani yake, yaliyonakili tu mwenendo wa mikopo iliyokwisha kuwekwa kwenye mafungu mengine. Kulikuwa na karatasi za mikopo zenye thamani ya dola milioni 38, zilizotolewa Juni 2006, ambazo ziliingizwa katika mafungu zaidi ya 30 na kuleta hasara ya kiasi cha dola milioni 280. Mwalimu, hilo ndilo jibu la hesabu yako ya dola trilioni 1.3. Nyumba ilikuwa moja, na waliopoteza juu yake walikuwa wengi.

Je, sheria ilikuwa wapi? Hapa kwetu dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba, ambayo kila aliyesoma sheria UNILU, chuo kikuu chetu cha Lubumbashi, ameipitia, haimpi mtu haki ya kwenda mahakamani kudai deni la kamari. Majimbo mengi ya Marekani nayo yalikuwa na sheria zinazofanana na hiyo. Mwaka 1998 Brooksley Born, aliyekuwa mwenyekiti wa tume ya Marekani inayosimamia masoko ya mikataba ya baadaye (ile ya kuuziana leo kitu kitakachotolewa siku za mbele), alipendekeza kwamba mikataba hii inayofungwa nje ya masoko rasmi ichunguzwe, na akapingwa hadharani na Alan Greenspan wa Benki Kuu, Robert Rubin wa Wizara ya Fedha, na Arthur Levitt wa tume ya hisa. Desemba 2000 ikapitishwa sheria iliyoiweka mikataba hiyo nje ya usimamizi wa tume zote mbili na, jambo ambalo wengi hawalitaji, ikayazuia majimbo yasitumie sheria zao za kamari dhidi yake. Kwa hiyo haikuwa pengo lililosahauliwa. Mlango ulikuwa umefungwa, na watu waliojua wanachofanya wakaufungua.

Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku, kuanzia Novemba 2012, kununua fidia juu ya madeni ya serikali za nchi wanachama bila kuwa na maslahi ya kulinda. Kwa madeni ya makampuni, ruhusa ingalipo.

Msomaji wa Ibanda, Bukavu

Yaya Mwanasheria, ninakuheshimu, lakini naona mnaibebesha mikataba hii mzigo usio wake. Itazameni Lehman. Ilipotangaza kufilisika tarehe 15 Septemba 2008, ikiwa na madeni ya dola bilioni 613, kila gazeti liliandika kwamba waliouza fidia juu yake wangedaiwa hadi dola bilioni 400. Tarehe 10 Oktoba ukafanywa mnada wa kukadiria thamani ya hatifungani zake, ikatoka senti 8.625 kwa kila dola, yaani muuzaji wa fidia alipaswa kulipa senti 91 na zaidi kwa kila dola aliyoilinda. Ni hasara kubwa kuliko karibu yote iliyotarajiwa. Hata hivyo, madai ya huyu yalipokatwa na madai ya yule, fedha iliyohama mkono ilikuwa dola bilioni 5.2 tu, na ikalipwa bila kelele.

Kwangu mimi, chanzo ni mikopo yenyewe na namna ilivyogharimiwa. Watu walipewa mikopo bila kuonyesha hati ya mshahara. Riba ilikuwa ya kudumu kwa miaka miwili ya kwanza, kisha ikapanda, na mpango mzima ulitegemea kwamba kabla ya kupanda mkopaji atakopa upya kwa kuwa nyumba yake imeongezeka thamani. Bei ziliposimama, hata bila kushuka, mpango ule ulikuwa umekufa. New Century, mmoja wa wakopeshaji wakubwa wa mikopo hiyo, ilifilisika Aprili 2007, mwaka mmoja na nusu kabla ya AIG.

Wenye kuyashika mafungu hayo nao waliyashika kwa fedha za siku moja. Mabenki ya uwekezaji yalikopa jioni, yakalipa asubuhi, yakakopa tena. Ni sawa na mtu anayejenga ghorofa kwa fedha za banki lamberti, yule mkopeshaji wa mtaani wa riba kubwa, na kutegemea kwamba kila asubuhi atapewa nyingine. Tarehe 9 Agosti 2007 benki ya Ufaransa BNP Paribas ilifunga milango ya mifuko yake mitatu ya uwekezaji ikisema haiwezi kukadiria bei ya mali zilizomo, na kuanzia siku ile mabenki yakaanza kuogopana. Mwaka uliofuata, tarehe 16 Septemba, mfuko wa Reserve Primary, ambao watu waliutumia kama akaunti ya akiba, ulitangaza kwamba hisa yake ya dola 1 sasa ni senti 97, kwa sababu ulikuwa umeikopesha Lehman dola milioni 785. Hakuna mkataba wa fidia katika habari hiyo. Ni mkopo wa kawaida uliokwama, na hofu.

Mhasibu wa Kampemba

Ndugu wa Bukavu, mfano wa Lehman ni mzuri, lakini unathibitisha kinyume cha unachotaka. Zile bilioni 5.2 zilitosha kwa sababu wauzaji wa fidia juu ya Lehman walikuwa wengi na wengi wao walikuwa pia wanunuzi. AIG iliuza tu, haikununua. Madai dhidi yake hayakuwa na cha kukatana nayo. Tena, kabla ya mnada ule hapakuwa na rejista ya wazi iliyomwonyesha kila mtu ni nani amemwahidi nani kiasi gani, na kwa karibu wiki nne benki moja haikuwa na njia ya kujua kama mwenzake ataamka kesho. Hofu unayoisema ilikuwa na mahali ilipozaliwa.

Kuhusu mikopo ile ya riba ya miaka miwili, hapo sina la kukupinga.

Mama wa Katuba

Mwalimu ametaja tanuru za Likasi na Kolwezi, na naona wasomi wamezipita. Mwaka ule nilikuwa katika ofisi ya kusafirisha madini, kwa hiyo niseme kidogo.

Julai 2008 tani ya shaba katika soko la London ilikuwa karibu dola 8,900. Desemba ilikuwa chini ya 3,000. Viwanda vya China vilikuwa vimepunguza kununua, hiyo ni kweli, lakini kwa upande wetu tuliona kitu cha kwanza kabla ya hicho: barua za mkopo zilichelewa. Mzigo wa shaba unatoka Kolwezi, unapita mpakani Kasumbalesa, unavuka Zambia hadi bandarini, na kwa wiki zote hizo mnunuzi hajalipa. Barua ya mkopo ndiyo hiyo: kuna benki iliyosimama katikati na kusema italipa. Septemba na Oktoba, benki za katikati zilianza kuuliza maswali ambayo hazikuwahi kuyauliza, kuhusu benki nyingine, si kuhusu shaba. Wenye viwanda vidogo vya kuyeyusha, wengi wao Wachina, walizima tanuru na baadhi wakaondoka bila kulipa mishahara ya mwisho. Wachimbaji wadogo wakakosa wa kumwuzia.

Baada ya hapo ikaja zamu ya faranga yetu ya Kongo, ikaanza kushuka. Katikati ya mwaka 2008 dola moja ilikuwa kiasi cha faranga 560, na mwishoni mwa 2009 ilikaribia 900. Machi 2009 Shirika la Fedha la Kimataifa liliipa nchi yetu mkopo wa dharura wa karibu dola milioni 200. Mtu wa Katuba aliyekuwa analipa kodi ya nyumba kwa dola huku mshahara wake ukiwa wa faranga alilipia nyumba za Florida asizozijua. Waambie wanafunzi hivyo, kwa sababu wazazi wao wanakumbuka.

Mwalimu wa Kamalondo

Aksanti sana, Mama, na aksanti kwenu nyote. Hoja ya mtaji wa mara 30 nitaiandika ubaoni kesho, na ya barua za mkopo nitawapa wanafunzi waende kuwauliza wazazi.

Nina maswali mawili mafupi. La kwanza: wale walionunua fidia kwa AIG, hatimaye walilipwa na nani? La pili ni la hapa nyumbani. Mwenzangu mmoja amechukua mkopo wa kumalizia nyumba yake, na katika mkopo huo amekatwa fedha ya «bima ya mkopo». Je, ni kitu kilekile?

Mhasibu wa Kampemba

La kwanza. Walilipwa yote, senti mia kwa kila dola, kwa fedha za umma. Novemba 2008 tawi la Benki Kuu la New York liliunda kampuni maalumu iliyoyanunua mafungu yale kutoka kwa mabenki, yenye thamani ya kwenye karatasi ya dola bilioni 62 hivi, ingawa sokoni yalikuwa hayafiki hata nusu ya hiyo. Mabenki yakabaki na dhamana walizokwisha kupokea na kuongezewa kilichosalia. Goldman Sachs na Société Générale ya Ufaransa zilikuwa miongoni mwa waliopokea kingi zaidi. Waliokuwa wakidai wangeweza kulazimishwa kukubali punguzo, na mimi naona ilikuwa lazima walazimishwe. Waliotetea uamuzi huo walisema hakukuwa na muda wala nguvu ya kisheria ya kufanya hivyo.

Serikali ilijitoa AIG Desemba 2012 ikiwa na faida ya dola bilioni 22.7 kwa fedha zote ilizoweka. Bei za mafungu yale zilikuwa zimepanda tena kwa kiasi, na hilo pia umwambie kijana wako: sehemu ya hasara iliyodaiwa mwaka 2008 ilikuwa ya bei tu, na aliyeweza kungoja aliirudisha. Wenye nyumba hawakuweza kungoja. Mwaka 2008 peke yake, nyumba zaidi ya milioni 2.3 zilipelekewa hati za kunyang'anywa.

Mwanasheria wa Golf

La pili, Mwalimu, si kitu kilekile. Bima ya namna hiyo kwa kawaida inalipa salio la mkopo endapo mkopaji atafariki au kupata ulemavu. Imefungwa kwa mkopo mmoja, na mwenye kunufaika nayo ni yule aliyekopesha kweli. Mtu wa nje hawezi kuinunua juu ya kifo cha mwenzako. Tangu sheria ya bima ya tarehe 17 Machi 2015 ilipoondoa ukiritimba wa SONAS, shirika la bima la serikali, makampuni ya bima ni kadhaa na yanasimamiwa na ARCA, mamlaka ya usimamizi wa bima, kwa hiyo amwombe mkopeshaji jina la kampuni na nakala ya mkataba wenyewe, maana mara nyingi mkopaji anapewa risiti ya makato tu. Katika nakala hiyo aangalie kama ada inahesabiwa juu ya salio linalopungua au juu ya mkopo wote wa mwanzo, na kama familia yake itarudishiwa cheti cha usajili wa parseli (kiwanja) bila gharama nyingine endapo bima italipa.